Hifadhi ya Barabara Ipandwe Uzio, Siyo Maua ya Kupigia Picha

Kila kijana aliyekulia kando ya barabara kuu anaijua ile alama nyekundu ya X. Leo imechorwa ukutani, notisi ikiisha linakuja greda. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake zilitanua hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, ukipimia katikati ya barabara. Na hesabu ya fidia mnaijua: barabara ikikufuata unalipwa, ukionekana wewe ndiye umeifuata barabara, unabomolewa bure na unaambiwa ushukuru hukushtakiwa.

Suala la fidia tumeliandikia sana na tutaendelea. Leo tunaizungumzia ardhi yenyewe. Baada ya nyumba na vibanda kuondolewa, pale pamebaki nini? Pita mwenyewe uangalie. Vumbi, maegesho ya malori, mifuko ya nailoni, na kijiwe cha bodaboda kilichorudi kwa sababu watu lazima wale. Serikali ilisema inaihitaji ardhi ile, ikaichukua, halafu ikaiacha wazi. Sisi tunasema kuna kazi ya maana inaweza kufanyika katika ukanda ule, tena kwa fedha ambazo tayari zinatoka kwenye dhahabu yetu: uzio wa mimea mizito, uliokatiwa kimo cha mtu, kati ya magari na watu. Hatuombi bustani wala pambo la mji. Tunataka ukuta wa majani unaopunguza moshi na vumbi linaloingia kifuani mwa mtoto wa shule.

Najua kuna kamanda atauliza: wenzetu wanasota mahabusu, nyie mnaandika habari za michongoma? Ndiyo, tunaandika. Haki ya kusema na haki ya kuvuta pumzi hazishindani, na chama kinachoomba kuongoza halmashauri lazima kionyeshe kitafanya nini na halmashauri hiyo Jumatatu asubuhi.

Tuanze na hali ilivyo barabarani. Malori ya Rwanda, Burundi na Kongo yanapita kwetu usiku na mchana: Tinde, Isaka penye bandari kavu, Kahama, Ushirombo, hadi Lusahunga. Kahama imepewa hadhi ya manispaa mwaka 2021, lakini lori la mizigo halijui kama limeingia manispaa au liko porini. Linapunguza mwendo penye matuta, likishavuka linakanyaga mafuta, na pale pale kwenye tuta ndipo kilipo kijiwe, ndipo mama ntilie alipoweka sufuria, ndipo watoto wanaposubiri kuvuka. Upande wa Geita, Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025. Ni jambo jema, nani anazikumbuka kwa furaha zile foleni za kivuko? Ila magari yaliyokuwa yanaikwepa njia ile kwa sababu ya kivuko sasa hayana sababu ya kuikwepa. Sengerema, Geita mjini, Katoro, Buseresere, hiyo ndiyo njia yao. Barabara ya Kahama kwenda Kakola kupitia Bulyanhulu, kwa miaka yote ambayo dhahabu imetoka kule, wananchi wameijua kwa rangi ya vumbi lake kwenye mabati ya nyumba zao.

Moshi na vumbi ni vitu viwili, na dawa zake zinatofautiana kidogo. Vumbi unaliona, linakaa kwenye kope na kwenye samaki wa kukaanga. Linatokana na mabega ya barabara yasiyo na lami, matairi, na mchanga uliomwagika. Hatari zaidi ni ile usiyoiona: chembechembe za moshi wa dizeli, ndogo hata mara thelathini kuliko upana wa unywele, ambazo wataalamu huziita PM2.5. Hizo puani hazikwami, zinafika chini kabisa kwenye mapafu na nyingine zinaingia kwenye damu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha kiwango chake cha wastani wa mwaka kutoka maikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, baada ya kuona kwamba hata hewa iliyodhaniwa kuwa salama inaua watu kwa magonjwa ya moyo, kiharusi na mapafu.

Tanzania nayo ina kanuni za viwango vya ubora wa hewa tangu mwaka 2007, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Nenda basi ofisi ya halmashauri yako leo uulize hewa ya jana kwenye stendi ilikuwa na kiasi gani. Uliza tu, uone utakavyotazamwa. Wenzetu Uganda, vijana na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere walianzisha mradi wa AirQo mwaka 2015, wakatengeneza vifaa vyao wenyewe vya bei nafuu vya kupima hewa, wakavifunga kwenye majengo na hata kwenye bodaboda za Kampala. Kifaa kilitengenezwa kwa kuzingatia joto letu, vumbi letu na umeme wetu wa kukatika. Hakuna sababu ya Kahama na Geita, miji iliyokalia dhahabu, kushindwa kununua vifaa kumi vya namna hiyo.

Sasa mimea. Hapa lazima tuwe waangalifu kwa sababu habari za miti zina uongo mwingi mtamu. Mtu atakwambia panda miti, hewa itasafishika. Siyo hivyo. Ukipiga hesabu ya mji mzima, majani yanaondoa sehemu ndogo tu ya uchafu wa hewa, asilimia chache. Hakuna mti utakaoumeza moshi wa malori mia tano. Ambacho mmea unaweza kufanya ni kitu kingine: kusimama katikati. Uzio mnene unaugonga moshi unaotoka kwenye bomba la lori, unausukuma juu na pembeni, sehemu yake inanasa kwenye majani, na yule aliyeko nyuma ya uzio anavuta hewa yenye uchafu kidogo kuliko angevuta bila uzio.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Surrey walipima jambo hili katika mji wa Guildford, Uingereza, kwenye sehemu sita za kando ya barabara. Nyingine zilikuwa na uzio wa mimea peke yake, nyingine miti peke yake, nyingine vyote viwili. Penye uzio peke yake, masizi yalipungua hadi asilimia 63 katika vipimo bora zaidi. Zile chembechembe za PM2.5 zilipungua kidogo zaidi kuliko masizi, hilo nalo tuliseme. Na penye miti peke yake? Kwenye kimo ambacho mtu anavutia pumzi hapakuwa na nafuu ya maana, kwa sababu majani ya mti yako juu, moshi unapita chini kwenye vigogo kama mbuzi anavyopita chini ya waya. Mwongozo uliotolewa na Meya wa London mwaka 2019 unaongeza tahadhari nyingine: katika mtaa mwembamba wenye majengo marefu pande zote, miti ikikutanisha matawi juu ya barabara inaweza kuufungia moshi chini na kuwafanya watu wavute zaidi.

Isome tena hiyo, halafu fikiria upandaji wetu. Tunapanda nini mijini? Miashoki, mmoja hapa, mwingine mita tano mbele, umesimama kama mlinzi aliyelala. Mikrismasi kwa ajili ya maua mekundu ya Desemba. Kivuli na uzuri vina thamani yake, wala hatusemi ing'olewe. Lakini mtu asije akatwambia hiyo ni kinga ya moshi. Kuna agizo kwamba kila halmashauri ipande miti milioni 1.5 kwa mwaka. Tarehe 1 Aprili mnaiona wenyewe: fulana mpya, mgeni rasmi, jembe lenye utepe, picha, kisha kila mtu anasepa. Agizo linahesabu miche iliyopandwa. Halihesabu iliyokuwa hai Oktoba, na wala haliulizi imepandwa wapi na ya kazi gani. Mche mmoja uliokufa unaweza kuhesabiwa mwaka huu, na shimo lake likahesabiwa tena mwakani.

Kwa nchi yetu ya kiangazi kirefu, mmea wa uzio unatakiwa uwe na majani kuanzia chini hadi juu, usipukutishe wakati wa kiangazi maana ndipo vumbi linapokuwa kali, uvumilie kukatwa mara kwa mara, na usiliwe na mbuzi. Kigezo cha mwisho hakimo kwenye mwongozo wa London, ila ndicho kitakachoamua kila kitu Shinyanga. Michongoma inatimiza karibu vyote: miiba yake inaheshimiwa, inastahimili ukame ikishashika, na watu wanaijua kwenye viwanja vya shule na misheni. Mwarobaini ukikatwa ukiwa mdogo unatoa matawi chini na kuwa mzito. Minyaa iko kwenye maboma ya Wasukuma tangu enzi za mababu, inaota hata kwa kijiti, ila ina kasoro mbili: majani yake ni haba, kwa hiyo hainasi vumbi sana, na utomvu wake ukiingia jichoni ni balaa, usiipande mbele ya shule. Mwaka 2021 chama cha bustani cha Uingereza, Royal Horticultural Society, kilitangaza kwamba kichaka kimoja chenye majani ya manyoya, Cotoneaster franchetii, kwenye barabara zenye magari mengi kilinasa uchafu zaidi ya vichaka vingine kwa angalau asilimia 20. Hatuna haja ya kuagiza kichaka hicho. Tunachoweza kuchukua ni kuangalia jani lenyewe: dogo, jingi, lenye manyoya au ukwaru. SUA na taasisi yetu ya utafiti wa misitu, TAFORI, wana uwezo wa kupima majani ya mimea yetu, wakipewa kazi na fedha.

Halafu linakuja swali ambalo limeua miradi mingi: nani atalinda? Hapa Shinyanga haina haja ya kufundishwa na mtu. Sisi ndio tunapaswa kufundisha.

Wazee wetu walikuwa na ngitili, eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili ng'ombe wapate majani kiangazi kikikaza. Mkoloni alikuja akafyeka misitu ili kuua mbung'o. Pamba ikafuata, ikala mapori yaliyobaki. Miaka ya 1970, operesheni vijiji ikawahamisha watu, mtu na ngitili yake wakatengana, na kisichokuwa na mwenyewe kikaliwa na kila mtu. Mwalimu Nyerere alipotembelea mkoa mwaka 1984, Shinyanga ilikuwa inaitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzoni nao ulikwenda kwa mtindo ule ule wa vitalu vya serikali, miche ya kigeni na maelekezo kutoka juu, na watu hawakuchangamka. Mambo yalibadilika pale maofisa walipoacha kuhubiri na kuuliza wananchi wenyewe walikuwa wanafanyaje zamani. Ngitili zikarudi. Za familia, za kijiji, za shule. Sheria zilitungwa na watu kwenye dagashida, faini zikawekwa na mkutano wa wanakijiji, sungusungu wakalinda. Miti mingi haikupandwa hata kidogo. Visiki vilivyokuwa chini vilichipua vyenyewe baada ya kuachwa vipumue. Mradi unaanza, ngitili zilizohesabiwa zilikuwa kama hekta 600. Unafungwa mwaka 2004, zilikuwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Mwaka 2002 dunia iliupa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Tofauti ya hekta 600 na 300,000 haikuletwa na mche wa aina fulani. Ililetwa na kujua hii ni ya nani, nani anafaidi, na nani anatoza faini mbuzi akiingia. Uzio wa barabarani hautapona kwa agizo la mkuu wa wilaya. Utapona kama kipande cha mbele ya kijiwe ni cha kijiwe, cha mbele ya shule ni cha shule, na kuna mtu analipwa kumwagilia miaka miwili ya mwanzo. Maji ni ghali, tunajua. Maji ya Ziwa Victoria yanafika Kahama na Shinyanga kwa bomba na kwa bili. Lakini mama ntilie anamwaga ndoo ngapi za maji ya kuoshea vyombo kwa siku, na anazimwaga wapi?

Fedha. Hapo ndipo watu wa halmashauri huanza kukohoa. Migodi inalipa ushuru wa huduma unaotokana na mapato yake kwa halmashauri. Zaidi ya hapo, marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yaliweka kifungu cha 105: mwenye leseni ya uchimbaji lazima kila mwaka aandae mpango wa kurudisha kwa jamii, akubaliane na halmashauri. Na halmashauri, siyo mgodi, imepewa jukumu la kusimamia utekelezaji na kuwaelimisha wananchi kuhusu miradi iliyomo. Kuwaelimisha wananchi ni wajibu wa kisheria, makamanda, siyo hisani ya mtendaji. Madarasa na zahanati vilivyojengwa kwa fedha hizo tunaviona na hatuvikatai. Tunauliza mbona kifua cha mtoto anayesoma kwenye darasa hilo, lililo mita ishirini kutoka kwenye malori, hakimo kwenye mpango.

Na kazi yenyewe ni ya vijana. Kitalu, kuchimba, kuweka samadi (ambayo Shinyanga haijawahi kupungukiwa), kumwagilia, kukata. Asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni mikopo ya vikundi vya vijana, na sheria ya ununuzi inataka sehemu ya zabuni za umma, asilimia 30, itengewe vikundi maalumu, vijana wakiwemo. Leo kikundi cha vijana kikikopa, kinakopa pikipiki, kwa hiyo tunaongeza moshi kwa mkopo wa serikali. Kikundi hicho hicho kingeweza kuwa na mkataba wa miaka mitatu wa kutunza kilomita mbili za uzio, kikilipwa kwa mmea ulio hai baada ya kiangazi. Narudia: kwa ulio hai. Ukilipa kwa uliopandwa, utapata mashimo.

Tusidanganyane kwenye jambo moja. Uzio usije ukawa kisingizio. Mgodi ukipanda michongoma mita mia mbili na kubandika bango, huku barabara yake ya changarawe haimwagiwi maji na malori yake yanatema moshi mweusi, hapo tutakuwa tumepambwa. Chanzo kwanza: lori bovu litolewe barabarani, mabega ya barabara yawekwe lami au kokoto, malori yasiegeshwe na injini zinazonguruma mbele ya shule na vituo vya afya. Na wengi wa mama zetu wanavuta moshi mwingi zaidi jikoni, kwenye kuni na mkaa, kuliko barabarani. Hilo lina makala yake. Uzio ni kwa ajili ya yule ambaye kesho asubuhi atakuwa kando ya barabara tutake tusitake, kwa sababu ndipo riziki yake ilipo.

Mambo mawili ya kiufundi kabla hamjaenda kubishana na TANROADS na TARURA, maana watayatumia kuwapiga chini. Penye makutano, vivuko na kona, uzio unaishia mbali au unakatwa chini ya goti, dereva amuone mtoto. Na kimo kisizidi mita moja na nusu hadi mbili, wala pasiwe na vichochoro vya giza nyuma yake. Dada zetu wanapita pale usiku wakitoka kazini, na uzio uliogeuka pori ni maficho ya vibaka. Hifadhi ya barabara ni ya mamlaka hizo kisheria, kwa hiyo ukipanda bila kibali chao wana haki ya kung'oa. Andikeni barua, pigeni muhuri wa kupokelewa, tunzeni nakala.

Barua ya kwanza iende kwa mkurugenzi wa halmashauri, kuomba mpango wa mwaka huu wa kifungu cha 105 na orodha ya miradi yake kwa kata. Ya pili kwa mtendaji wa kata, suala la uzio mbele ya shule iingie kwenye ajenda ya kamati ya maendeleo ya kata. Chagueni shule moja tu kwa kuanzia, ile iliyo karibu zaidi na tuta. Mvua kwetu zinaanza kati ya Oktoba na Novemba, na mche wa mchongoma unahitaji miezi kadhaa kitaluni kabla haujawa na nguvu ya kuingia ardhini. Anayetaka kupanda kwa mvua za mwaka atakaochagua, mbegu ziwe kwenye viriba kabla ya Saba Saba.